Gemu ya ‘elimu’: Kosea makusudi kabla hujampa mwanao

Dar es Salaam. Fungua duka la programu kwenye simu yako, andika “michezo ya elimu kwa watoto”, kisha anza kuhesabu. Kabla kidole hakijachoka utakuwa umeshakutana na wanyama wenye macho makubwa, herufi zinazocheka, namba zilizovaa kofia, na maneno yaleyale kila mahali: elimu, akili, kujifunza kwa furaha.

Kwa mzazi aliyerudi kazini saa moja jioni, jiko halijawashwa na mtoto analilia simu, maneno hayo ni nafuu kubwa. Mtoto anacheza, lakini “anajifunza”. Moyo unatulia, ugali unasongwa.

Shida ni kwamba neno “elimu” juu ya gemu halina uzito wa muhuri wa shule. Mara nyingi mtengenezaji mwenyewe ndiye anayechagua bidhaa yake iwekwe kundi gani, naye anajua fika wazazi hufungulia pochi kundi lipi.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Michigan, walichapisha matokeo ya kuzipima programu 124 za watoto wadogo, nyingi zikiwa zile zinazopakuliwa zaidi katika kundi la elimu. Asilimia 58 zilipata alama za chini. Hizi si gemu za vita wala za kubahatisha. Ni zile za A, E, I, O, U na moja jumlisha moja.

Miaka mitatu kabla ya hapo, watafiti wa Michigan walipitia programu 135 zinazochezwa na watoto wa miaka mitano kushuka chini. Asilimia 95 zilikuwa na matangazo ya aina moja au nyingine. Katika baadhi yake, mhusika ambaye mtoto ameshampenda huonyesha huzuni, hata kulia, mtoto asipofungua dirisha la kununua kitu. Mtoto wa miaka minne hana namna ya kujua kwamba anauziwa. Anachoona ni rafiki yake analia.

Hata hivyo, kuifuta kila gemu kwenye simu kwa hasira si jibu. Ushahidi kwamba gemu nzuri hufundisha upo, na sehemu yake imetoka hapahapa Tanzania.

Kilichotokea Tanga

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, karibu watoto 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za jumla ya Dola milioni 15 za Marekani. Sharti lilikuwa gumu: mtoto ajifunze bila kutegemea mwalimu. Vijijini kuliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, na kinamama wa kijiji wakapewa jukumu la kuviangalia vifaa.

Kwa mujibu wa waandaaji, kabla ya kuanza asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu.

Mei 2019 washindi wawili walitangazwa wakigawana zawadi kuu: Kitkit School ya kampuni ya Enuma yenye makao Marekani, na onebillion ya Uingereza. Programu za waliofika fainali ziliachwa wazi ili yeyote azichukue na kuziendeleza.

Matokeo hayo yana sura mbili, na mzazi anahitaji kuziona zote. Kwanza, mtoto ambaye hakuwa na darasa wala kitabu aliweza kufika kwenye kusoma kwa msaada wa kifaa, kwa lugha anayoielewa. Si jambo dogo. Pili, ile nusu nyingine. Programu zilizotengenezwa na timu za wataalamu, zikashindanishwa na nyingine kutoka duniani kote, zikatumika kwa zaidi ya mwaka mmoja, bado ziliacha watoto wengi bila kusoma neno. Kama kazi bora namna hiyo ina kikomo, gemu ya bure yenye tangazo kila baada ya dakika mbili isitarajiwe kuchukua nafasi ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Jaribio la kukosea

Kwa hiyo mzazi ataijuaje iliyo nzuri? Nyota na maoni kwenye duka la programu husaidia kidogo tu, kwa kuwa wazazi wengi huipa nyota tano gemu iliyomtuliza mtoto, si iliyomfundisha.

Njia ya uhakika zaidi ni ya kizamani: icheze mwenyewe. Dakika kumi zinatosha, mtoto akiwa amelala. Na unapocheza, usitafute jibu sahihi. Kosea makusudi.

Gemu ikuulize mbili jumlisha tatu, bonyeza tisa. Sasa angalia. Je, inalia “paa!” kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Inakupa nyota hata hivyo ili usivunjike moyo? Au inarudi nyuma, inaweka maembe mawili hapa na matatu pale, inayasogeza pamoja na kukuhesabia taratibu, kisha inakupa swali linalofanana na hilo ujaribu tena?

Hapo ndipo mwalimu anapotofautiana na king’ora. Mtoto hujifunza zaidi pale anapokosea na kuonyeshwa kwa nini. Gemu isiyojua la kufanya na kosa imejengwa kumpongeza tu.

Kisha fanya jaribio la pili, la uvivu zaidi. Bonyeza kila kitu ovyo, bila kusoma, kama afanyavyo mtoto aliyechoka. Ukifaulu hatua tatu mfululizo kwa kubonyeza ovyo, umepata jibu lako. Mwanao ataligundua hilo mapema kuliko wewe, na atakachobaki nacho ni ustadi wa kubonyeza.

Katika andiko la mwaka 2015 ambalo bado hutumika kuzipima programu za watoto, wanasaikolojia wa Marekani walieleza mambo manne yanayomfanya mtoto ajifunze kweli: akili yake ifanye kazi badala ya kidole peke yake, asivurugwe na vikorombwezo, anachojifunza kihusiane na maisha anayoyajua, na kuwe na mtu wa kuzungumza naye.

La vikorombwezo huwapotosha wengi. Mzazi anaona gemu ya hadithi ambayo ukimgusa mbwa anabweka, ukigusa mti ndege wanaruka, ukigusa nyumba taa zinawaka, anasema hii ni nzuri, ina mambo mengi. Lakini kama mbwa kubweka hakuhusiani na hadithi, kila mguso unamtoa mtoto kwenye hadithi. Mwishoni muulize nini kilimpata sungura. Atakwambia habari za mbwa. Gemu iliyotulia, ambayo kwa mtu mzima inaonekana ya kuchosha, mara nyingi ndiyo inayofundisha.

Herufi ‘E’ inasomwaje?

Kuna jambo ambalo miongozo ya nje haiwezi kumwambia mzazi wa hapa: sauti za herufi.

Gemu nyingi za alfabeti zimetengenezwa kwa Kiingereza. Mtoto akibonyeza A anasikia “ei”. Akibonyeza E anasikia “ii”. I inakuwa “ai”. Anakariri, anaimba, wageni wanapiga makofi. Halafu anaingia darasa la kwanza, mwalimu anaandika “meza” na yeye anasoma “miza”. Anaandikiwa “kiti”, anasita kati ya “kiti” na “kaiti”.

Kosa si la mtoto, na Kiingereza nacho hakina kosa. Kiswahili kina bahati ya kuwa na irabu tano ambazo hazibadiliki sauti, na ndiyo sababu mtoto anayefundishwa kwa silabi, ba, be, bi, bo, bu, anaweza kuanza kusoma maneno kamili mapema. Kumchanganyia mifumo miwili ya sauti akiwa na miaka minne, bila mtu wa kumweleza, ni kumwongezea mlima.

Kama mwanao anasoma shule ya mtaala wa Kiswahili, tafuta kwanza gemu ya kusoma yenye sauti za Kiswahili. Programu ya onebillion na Kitkit School, zile za Tanga, zina matoleo ya Kiswahili. Kama anasoma shule ya Kiingereza, chagua inayofundisha sauti ya herufi ndani ya neno, si jina la herufi pekee. Kwa hesabu lugha haina uzito mkubwa hivyo, ingawa kuhesabia maembe bado ni rahisi kuliko kuhesabia vipande vya theluji.

Macho, usingizi na hasira

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake kwa watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2019. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na hata mwenye mwaka mmoja haishauriwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo hautoi nyongeza kwa sababu gemu ni ya elimu. Saa ni saa.

Hakuna sababu ya kutafuta gemu ya mtoto wa miezi kumi na minane, hata kama ipo na imeandikwa umri huo. Watoto wa umri huo hujifunza kidogo sana kutoka kwenye skrini wakilinganishwa na wanavyojifunza kwa mtu aliye mbele yao. Kijiko na sufuria tupu vinamfundisha zaidi, ingawa kelele yake ni kubwa.

Kwa macho, hatari inayozungumzwa zaidi ni kutoona mbali. Macho ya mtoto bado yanakua, na kazi ya karibu ya muda mrefu, iwe simu au kitabu, pamoja na kukaa ndani sana, vinahusishwa na tatizo hilo. Katika jiji la Guangzhou nchini China, watafiti waliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, takriban asilimia 30 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, wakati kwa wenzao wasioongezewa muda ilikuwa karibu asilimia 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na tangu hapo ushauri wa kumtoa mtoto nje umepata nguvu. Uwanja wa nyuma ya nyumba ni dawa ya bei nafuu.

Skrini ndogo pia humfanya mtoto ailete usoni na kusahau kupepesa macho, ndipo macho yanapokauka na kuwasha. Ukiwa na kishikwambi au kompyuta mpakato, vitumie badala ya simu, kiwe mezani, si kitandani. Kila baada ya dakika 20 aangalie kitu cha mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20. Mtoto hatakumbuka kufanya hivyo. Mtume akaangalie kama kuku wameingia bandani.

Usingizi ndio unaoathirika kimyakimya. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa tisa hadi 12. Mwanga wa skrini na msisimko wa kutaka kumaliza hatua huusogeza usingizi mbele. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule hana nafasi ya kufidia. Simu iondoke mikononi saa moja kabla ya kulala.

Halafu kuna hasira. Mwaka 2022 watafiti wa Michigan walieleza kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao mara kwa mara hupewa simu ili watulizwe wanapolia walielekea kuwa na mihemko mikali zaidi baadaye, hasa wa kiume. Mtoto anayepewa gemu kila anapokasirika hapati nafasi ya kujifunza kukasirika na kutulia mwenyewe. Gemu ya elimu itolewe akiwa ametulia, kama kitabu, isiwe pipi ya kumnyamazisha.

Pesa na mlango wa nyuma

“Bure” ni neno la kulitazama mara mbili. Kabla ya kupakua, soma maandishi madogo chini ya jina la gemu yanayoeleza kama ina matangazo na kama inauza vitu ndani yake. Mwaka 2014 kampuni ya Apple ilikubaliana na mamlaka ya biashara ya Marekani kurejesha angalau Dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya programu bila ridhaa. Google nayo mwaka huohuo ilikubali kurejesha angalau Dola milioni 19. Kama akaunti yako ya duka la programu imeunganishwa na kadi ya benki au salio, weka nywila kwa kila ununuzi.

Kisha zima data na uifungue gemu. Gemu ya herufi na hesabu isiyofunguka bila intaneti itakula bando lako, na mara nyingi kinachoshushwa ni matangazo. Inayofanya kazi bila data inampunguzia mtoto hatari ya kutangatanga hadi mahali usipopajua.

Angalia pia inachoomba. Gemu ya kujumlisha haina haja ya kujua mahali ulipo, wala kufungua orodha ya namba kwenye simu yako. Ikiomba, kataa. Ikigoma kufanya kazi kwa sababu umekataa, ifute.

Na ukiona tangazo linaloahidi “kuongeza akili” ya mtoto au kumfanya awe wa kwanza darasani, kuwa mgumu. Kampuni ya Lumosity, maarufu kwa michezo ya ubongo, mwaka 2016 ilikubali kulipa Dola milioni mbili nchini Marekani kwa kudai, bila ushahidi wa kutosha, kwamba michezo yake inasaidia watu kufanya vizuri shuleni na kazini.

Zipi sasa?

Kwa watoto wa miaka miwili hadi minane, Khan Academy Kids haina malipo wala matangazo, ingawa lugha yake ni Kiingereza. Kwa familia yenye kompyuta, hata ya zamani, GCompris ni ya bure, ina zaidi ya michezo 100 ya herufi, hesabu, kipanya na mafumbo, na hufanya kazi bila intaneti. Ina sura ya kizamani kidogo. Watoto hawajali sana.

Kuanzia miaka minane, badilisha swali. Badala ya kuuliza mtoto acheze gemu gani, uliza anaweza kutengeneza gani. Scratch, iliyoanzishwa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, humwezesha mtoto kupanga vipande vya amri na kutengeneza katuni au mchezo wake. Inapatikana bure, inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ikatumika bila intaneti, na ina tafsiri ya Kiswahili. Kwa wa miaka mitano hadi saba ipo ScratchJr, inayotumia picha badala ya maneno na kufaa zaidi kwenye kishikwambi.

Mbili au tatu zinatosha. Simu yenye gemu 20 humfundisha mtoto kuruka kutoka moja hadi nyingine kila inapokuwa ngumu, na pale inapokuwa ngumu ndipo palipo na somo.

Kaa naye, hasa siku za mwanzo. Si lazima uache mapishi. Mtoto anaweza kuketi jikoni akakusomea kwa sauti anachokiona. Muulize, “Umejuaje kwamba ni tano?” Baada ya wiki moja mpime nje ya simu. Mpe nyanya sokoni azihesabu na kuzigawa mafungu mawili. Mwandikie “ba” na “bu” mchangani kwa kijiti. Akiweza kwenye skrini lakini akakwama kwenye mchanga, bado amejua gemu tu, hajajua kusoma.

Kuhusu muda, watoto wadogo hawaelewi “dakika tano zimebaki”. Wanaelewa “ukimaliza hatua hii, tunazima”. Sema hivyo kabla hujampa simu, si wakati wa kumnyang’anya, na zima mpangilio unaofungua mchezo unaofuata wenyewe, kama upo. Atalia siku mbili tatu za kwanza. Kama baada ya wiki mbili bado anagombana nawe kila unapozima gemu hiyohiyo, na kwa nyingine hagombani, ifute hiyo na umwachie zile nyingine.